Drili, Grainda ya Mezani au Mota ya Mashine ya Kufulia: Ipi Ikufae Kung'arishia Viko Nyumbani Nairobi?

Nyumba nyingi Nairobi zina kiko cha zamani cha kuvutia tumbaku mahali fulani. Kuna kilichoachwa na babu kwenye droo, na kuna kilichopatikana kwa bei ya soda kati ya saa mbovu na vijiko kwenye meza ya mitumba Gikomba au Toi. Mbao imefifia, mrija umegeuka kijani chafu, na ndani ya bakuli kuna masizi magumu. Kusafisha ndani ni kazi ya mkono na subira. Kung'arisha nje ndiko humfanya mtu aanze kuulizia mashine, na hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu muuzaji anakuuzia nguvu. Kiko kinataka gurudumu la kitambaa linalozunguka taratibu, na nguvu ya mkono wa mtoto ingetosha kulisukuma.

Nalinganisha hapa njia zilizo karibu na mtu wa nyumba ya kupanga, asiye na karakana, ambaye hangependa kupita shilingi elfu kumi kwa kila kitu. Viko ninavyozungumzia ni vya briari, yaani mbao ya kivimbe cha shina la Erica arborea kutoka nchi za Bahari ya Mediterania, vyenye mrija wa eboniti (mpira mgumu) au wa akriliki (plastiki). Mashine zote nitakazotaja zitaving'arisha. Zinatofautiana katika urahisi wa kuviharibu.

Tazama kasi kwanza, bei baadaye

Kinachochoma mrija na kufuta maandishi ni kasi ya ukingo wa gurudumu pale unapogusa kiko. Kasi hiyo huzaliwa na vitu viwili: mizunguko ya mota kwa dakika, na upana wa gurudumu, yaani kipenyo chake. Mota ileile ikivalishwa gurudumu la nusu ya upana, kasi ya ukingo hushuka nusu. Watu wengi hawalijui hili, wanatupa mashine nzuri wakidhani haifai.

Kuna mtego mwingine. Maelekezo mengi ya kazi hii hutoka Marekani, nayo husema tafuta mota ya mizunguko 1725, epuka ya 3450. Ukizunguka Nairobi na namba hizo mkononi huenda usizipate, kwa kuwa ni za stima ya hezi 60. Stima yetu ni volti 240, hezi 50, na mota ya induksheni hufuata hezi za stima. Hapa kwetu ile ya kasi huandikwa 2850 au karibu yake, na ile ya taratibu huandikwa kati ya 1350 na 1450. Soma kibandiko cha mota kabla hujauliza bei.

Hesabu zenyewe ni hizi:

| Mashine | Mizunguko kwa dakika | Gurudumu | Kasi ya ukingo |
|---|---|---|---|
| Grainda ya mezani | 2850 | milimita 150 | mita 22 kwa sekunde |
| Grainda ya mezani | 2850 | milimita 75 | mita 11 |
| Mota ya taratibu | 1400 | milimita 150 | mita 11 |
| Mota ya taratibu | 1400 | milimita 100 | mita 7 |
| Drili, kasi yote | 2800 | milimita 100 | mita 15 |
| Drili, karibu nusu ya kasi | 1500 | milimita 100 | mita 8 |
| Grainda ya mkono | 11,000 | milimita 115 | mita 66 |

Ile mota ya Kimarekani ya 1725 ikiwa na gurudumu la inchi 6 hutoa karibu mita 14. Mimi hulenga kati ya 7 na 12 kwa mrija, na sipendi kuvuka 15 hata kwa mbao. Tazama tena safu ya pili na ya tatu: grainda ya mezani yenye gurudumu dogo na mota ya taratibu yenye gurudumu kubwa ni sawasawa pale kwenye ukingo.

Kwa nini nasisitiza? Eboniti ni mpira uliogandishwa kwa salfa, na joto huulainisha. Mrija uliopindwa kiwandani ukipata joto huanza kunyooka wenyewe, na umbo lake la awali haliji tena bila kazi ya pili. Kisha kuna maandishi. Kwenye shingo ya kiko kuna jina la kiwanda, namba ya umbo, pengine nchi kilikotengenezewa, vyote vimegongwa kwa kina kidogo mno. Gurudumu la kasi lenye tripoli (dawa ya kung'arishia yenye chembe zinazokata) likipita hapo mara chache, kingo za herufi hulainika, na herufi yenyewe hubaki kama kivuli. Peterson wa Dublin hugonga K&P kwenye pete ya chuma shingoni. Kama pete hiyo imepakwa nikeli, gurudumu linaweza kuila nikeli ukaona shaba inachungulia. Anayekusanya viko hutazama maandishi kabla ya kutazama mng'aro, na maandishi yakishaondoka hakuna fundi wa kuyarudisha.

Drili kwenye jiliwa

Hii ndiyo njia ambayo ningemwelekeza mtu anayeanza, hasa akiwa na drili tayari nyumbani. Unahitaji drili ya waya yenye kasi ya kubadilika, jiliwa dogo la mezani (vaisi), bolti ya milimita 8, washa mbili pana na nati yenye nailoni ndani. Gurudumu linakaa kati ya washa mbili, bolti inaingia kwenye taya za drili, basi. Sehemu zote hizi, ukiacha gurudumu lenyewe, utazipata kwa duka la vifaa la mtaani kwako.

Usilibane bodi la plastiki la drili kwenye jiliwa. Drili nyingi zina shingo ya duara ya chuma au plastiki ngumu nyuma ya taya, pale unapofungwa mshikio wa pembeni, na mara nyingi upana wake ni milimita 43. Mwambie seremala akutobolee kipande cha mbao ngumu tundu la kipimo hicho, akipasue upande mmoja, aweke bolti ya kukaza. Drili ikishikwa hapo haitatikisika, na utaweza kuitoa ukitaka kutoboa ukuta.

Faida kubwa ya drili ni kidole chako kwenye swichi. Unaanza taratibu kabisa, unaongeza ukiona gurudumu limetulia. Drili nyingi zina kitufe cha kufungia swichi na kirungu kidogo cha kupunguza kasi ya juu, kwa hiyo unaweka mizunguko 1500 na mikono yote miwili inabaki huru kushika kiko. Hakikisha umezima kazi ya nyundo. Hakikisha pia mwelekeo: upande unaokukabili wewe ushuke chini. Ukilazimika kuzungusha kinyume, nati ya kawaida hulegea, na ndiyo maana nimetaja ile yenye nailoni.

Hasara zake ni tatu. Inapiga kelele kuliko mashine nyingine zote hapa, kelele kali ya gia, na kwenye ploti ya ghorofa jirani wa chini ataisikia. Ya pili, feni ya ndani ya drili hutegemea mota ile ile, hivyo ukiiendesha taratibu kwa muda mrefu inapata joto. Fanya dakika chache, ipumzishe, endelea. Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi, na ni ya hapa kwetu hasa: stima ikipotea wakati kitufe cha kufungia kimebanwa, drili inanyamaza, wewe unaondoka kwenda kutafuta mshumaa, na stima ikirudi drili inaanza kuzunguka peke yake mezani. Stima ikikatika, kitu cha kwanza ni kuchomoa plagi.

Drili ya betri? Kasi yake ya chini inafaa sana na haijali stima kupotea, lakini swichi yake kwa kawaida haifungiki, na kushika swichi kwa mkono mmoja na kiko kwa mwingine ni kukitafutia kiko kuvunjika.

Grainda ya mezani

Hii ndiyo mashine ambayo muuzaji atakuonyesha wa kwanza. Ina sura ya kazi: mota katikati, jiwe kila upande, miguu ya kufungia mezani. Mpya huuzwa Industrial Area na kwenye maduka ya vifaa ya katikati ya jiji, na ile ndogo ya wati 150 inatosha kabisa. Ukilinganisha na drili, ni tulivu, inavuma badala ya kulia, na imeumbwa kubebeshwa gurudumu pande zote mbili. Upande mmoja unaweka tripoli, mwingine nta, hakuna kufungua na kufunga kila mara. Hiyo ni raha ya kweli.

Tatizo ni kwamba iko katika kundi la 2850, na hakuna kirungu cha kupunguza. Watu hujaribu kuifungia dima ya taa au regulata ya feni. Usifanye hivyo. Mota ya induksheni ikipunguziwa volti hupoteza nguvu, hunguruma, na kuungua, na mizunguko yake inakuwa imeshuka kidogo tu. Suluhisho ni gurudumu dogo: milimita 75, au 100 ukiwa na mkono mwepesi.

Hapo sasa unakutana na tatizo la pili, ambalo watu huligundua mashine ikiwa imeshafika nyumbani. Ukishaweka gurudumu dogo, bodi la mota linakuwa limetokeza kuliko gurudumu. Mrija wa kiko unagonga mota kabla bakuli halijagusa kitambaa. Mashine hizi zimeundwa kunoa patasi, kitu kinachokuja moja kwa moja kutoka mbele, wakati kiko unakigeuza, unakilaza, unakiinamisha. Kwa hiyo lazima urefushe shafti. Shafti ya grainda ya inchi 6 mara nyingi ni milimita 12.7, na fundi wa kukereza, awe Kamukunji au Kariobangi Light Industries, anaweza kukuchongea kirefusho chenye ncha ya skrubu ambayo gurudumu la kitambaa linajipinda na kukaa lenyewe. Mpelekee mashine nzima, si kipimo ulichoandika kwenye karatasi. Na mwonyeshe kwamba nati ya upande wa kushoto ina uzi wa kinyume. Akikuchongea uzi wa kawaida upande huo, kirefusho kitajifungua mashine ikiwa kazini.

Ukijumlisha grainda mpya na kazi ya kukereza, hii ndiyo njia ghali zaidi kati ya hizi tatu. Inamfaa mtu ambaye anahitaji grainda kwa kazi nyingine pia. Lakini ukiondoa vikinga vya chuma ili gurudumu la kitambaa likae, usirudishe jiwe bila kurudisha vikinga. Kitambaa kikichanika kinapeperuka. Jiwe likipasuka linaua.

Mota ya mashine ya kufulia

Chaguo langu mwenyewe ni hili, ingawa si la kila mtu.

Mashine za kufulia za matangi mawili zimejaa mjini, na zikiharibika mara nyingi kinachokufa ni tangi la plastiki, saa ya kuzungushia au mshipi. Mota hubaki nzima. Ndani kuna mbili: ya kufulia na ya kukamulia. Zote ni za induksheni, zote huwa katika kundi la 1350 hadi 1400, na zote hutumia kapasita. Kwa viko ndicho kipimo chenyewe. Gurudumu kamili la milimita 150 linakupa mita 11 bila hesabu ya ziada, na gurudumu pana ni laini zaidi, linakumbatia mduara wa bakuli badala ya kuutoboa.

Kati ya hizo mbili, omba ya kufulia. Saa ya kukamulia kwenye mashine hizo huishia dakika 5, ya kufulia 15, na mota nazo zimeundwa kwa vipindi hivyo. Ya kufulia pia imezoea kuvuta mzigo na huja na puli kwenye shafti, ambayo inampa fundi mahali pa kufunga kirefusho. Hata hivyo weka kiganja kwenye bodi lake kila baada ya muda. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, zima upumzishe.

Jihadhari na mota ya mashine ya mlango wa mbele. Kwa nje zinaweza kufanana, lakini ile mara nyingi ina kaboni mbili zinazogusa shafti na rundo la waya, na ikiunganishwa moja kwa moja bila bodi lake la kudhibiti na bila mzigo, hupaa hadi maelfu ya mizunguko ambayo gurudumu lako halijawahi kuota. Ukiona kaboni, iache mezani.

Ukienda kwa mafundi wa jua kali wanaofungua mashine mbovu, usinunue mota baridi. Mwombe aiunganishe na kapasita yake mbele yako. Isikilize ikianza: inapaswa kuondoka mara moja bila kusukumwa kidole. Inayonguruma na kukataa kuanza huenda ina kapasita mbovu, ambayo ni rahisi kubadilisha, au koili iliyoungua, ambayo si rahisi. Inuse. Koili iliyoungua ina harufu ya vanishi iliyochomwa, na harufu hiyo haiishi. Ikizimwa, izungushe kwa mkono: shafti ikicheza kushoto na kulia, beringi au bushi zimekwisha. Ukiridhika, ichukue pamoja na kapasita ileile, na umwombe aweke alama kwenye waya.

Nyumbani, ifunge kwa bolti kwenye ubao mzito wenye vipande vya mpira wa tairi chini yake. Waya zake zipite kwenye sanduku lenye swichi, na bodi la mota liunganishwe na waya wa ardhi. Hapa sina mjadala: kama hujawahi kufunga waya, mlipe fundi wa stima. Mota iliyo wazi ndani ya nyumba yenye watoto pia inahitaji kifuniko, hata kama ni bati lililotobolewa.

Ukipata mota nzuri, gharama yote inaweza kuwa chini ya drili mpya, na ukimya wake ni wa ajabu. Unasikia kitambaa tu. Kinachogharimu ni muda, kuzunguka kwa mafundi, na kujua unachotafuta. Anayetaka kuanza Jumamosi hii hii achukue drili.

Vile vidogo vya kasi, na mkono mtupu

Zile mashine ndogo za kuchongea, aina ya Dremel na zinazoiga, huzunguka kati ya 5,000 na zaidi ya 30,000. Kigurudumu cha milimita 25 kwenye 10,000 hutoa mita 13, kwa hiyo kwa kasi zinaweza kukubalika. Ila ukigusa uso mpana wa bakuli kwa kigurudumu cha upana wa sarafu, unaacha mawimbi yanayoonekana ukikiinamisha kiko kwenye mwanga. Ifae kwenye pembe ile kati ya shingo na bakuli, mahali gurudumu kubwa halifiki. Grainda ya mkono, hata ukiifungia sponji, iache kwa wachomeleaji.

Mkono mtupu unastahili nafasi kwenye ulinganisho huu. Mwenye kiko kimoja cha babu, asiye na mpango wa kupata kingine, hahitaji mashine hata moja. Msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, ule wanaotumia wapaka rangi wa magari na unaopatikana maduka ya Kirinyaga Road, utatoa kijani chote kwenye mrija. Ukisugua eboniti kwa maji, tope hutoka la rangi ya chai ya maziwa, na vidole vinanuka kiberiti. Ile ni salfa iliyopanda juu ya mpira kwa miaka ya kuanikwa mwangani. Endelea na namba ileile mpaka tope ligeuke jeusi. Likishageuka, umefika kwenye mpira mzima. Malizia na Brasso kwenye kitambaa cha pamba, futa vizuri, osha kwa sabuni. Mng'aro utakuwa wa hariri, usiofikia kioo cha gurudumu, na wengine tunaupenda hivyo.

Na hata ukiwa na mashine, hatua hii ya msasa haikwepeki. Gurudumu halitoi kijani kilichozama. Likilazimishwa, linang'arisha kijani chenyewe, na unabaki na mrija wa hudhurungi unaometa.

Gurudumu: kununua au kushona

Magurudumu ya pamba ya kununua huja ya aina mbili: yaliyoshonwa mizunguko mingi, ambayo ni magumu, na yaliyo huru, yenye mshono mmoja karibu na tundu. La kushonwa ni la tripoli. La huru ni la nta. Ukiwa na pesa ya moja tu la kununua, nunua la kushonwa, kisha la nta ulitengeneze mwenyewe.

Kulitengeneza ni kazi ya jioni moja. Amerikani mpya, ile isiyopaushwa, ichemshe kwanza itoe wanga. Kata miduara kwa kufuata sahani, ipange hadi unene wa kidole, kila mduara ukiugeuza kidogo ili nyuzi zisielekee upande mmoja, kisha fundi cherehani akupigie mshono wa duara karibu na tundu. Flaneli ya shati la mitumba ni bora zaidi kwa hatua ya mwisho, mradi uwe umetoa vifungo na mishono. Denimu ya jinzi naisikia ikisifiwa; kwangu ni ngumu mno kwa mrija. Kitambaa chenye nailoni au poliesta kisiguse kiko kabisa, kwa kuwa kikipata joto huyeyuka na kuacha mstari. Choma uzi mmoja kwa kiberiti: pamba inaacha jivu, poliesta inaacha tone gumu.

Kila dawa iwe na gurudumu lake. Chembe za tripoli zikiingia kwenye gurudumu la nta, zitaendelea kula mbao wakati wewe unadhani unapaka nta. Andika kwa kalamu ya wino upande wa gurudumu, na kila moja likae kwenye mfuko wake.

Dawa na nta

Tripoli ya kahawia inakata, ile nyeupe laini inafuata, nta inafunga kazi. Mafundi sonara hutumia dawa za namna hii, na wachongaji wa mifupa na pembe za ng'ombe Kibera hung'arisha kazi zao kwa magurudumu kama haya. Ukipata nafasi ya kusimama kando ya mmoja wao ukamtazama anavyogeuza bangili, utajifunza mengi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa nta, chaguo ni kati ya karnauba na nta ya nyuki. Karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende, ni ngumu kama kucha, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za selsiasi. Nta ya nyuki ya hapa kwetu ni nzuri, inanukia, haina gharama, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Bakuli la kiko kinachovutwa hupata joto, nta ya nyuki inalainika, inanata mkononi na kushika vumbi. Kwa kiko cha kuvutwa, karnauba. Ulizia kwa wauzaji wa malighafi za vipodozi na sabuni, ujihakikishie ni vipande vikavu vya manjano, si nta ya magari, ambayo huchanganywa na viyeyushi. Dawa ya viatu nayo ibaki kwenye viatu.

Nta ya nyuki ina mahali pake hata hivyo: kiko cha mershamu, lile jiwe jeupe jepesi ambalo lilichimbwa bonde la Amboseli mpakani mwa Kenya na Tanzania. Viko vya chapa ya Kiko, vyenye alama ya tembo, vilitengenezwa kwa jiwe hilo, na vingi vimevalishwa ngozi kwa nje. Ukikutana na kimoja, usikipeleke kwenye gurudumu la tripoli. Kitambaa laini na nta ya nyuki ya uvuguvugu vinatosha. Vivyo hivyo kiko cha briari kilichochongwa mikwaruzo: karnauba ngumu hujaa kwenye vijishimo na kuwa nyeupe.

Ndani ya nyumba ya kupanga

Gharama ya stima isikutishe. Hata drili ya wati 500 ikifanya kazi nusu saa nzima haifiki theluthi ya uniti moja. Kinachosumbua ni vumbi. Tripoli kimsingi ni silika, na silika ya kuvuta puani huharibu mapafu, kwa hiyo barakoa nzuri ya kuzuia vumbi ni lazima, si leso. Fanya kazi kwenye balkoni kama unayo. Kama huna, weka sanduku la katoni nyuma ya gurudumu likiwa na kitambaa chenye unyevu ndani, litakamata sehemu kubwa ya nyuzi na vumbi. Miwani ya kinga vaa kila mara. Glavu usivae, gurudumu likishika glavu linavuta na kidole. Nywele ndefu funga, mikono ya shati kunja.

Chini ya gurudumu tandika kipande cha godoro. Siku moja kiko kitachopoka, na sakafu ya saruji huvunja mrija pale pale unapoingia kwenye shingo, mahali pagumu kuliko pote kutengeneza.

Namna ya kukishika

Simama mbele ya gurudumu na ufikirie saa ya ukutani inayokuangalia kutoka ubavuni, namba 3 ikiwa upande wako. Gurudumu linashuka kuja kwako. Gusa kiko kati ya namba 3 na namba 5, chini ya katikati, ili likikipokonya likitupe chini na mbali, kwenye godoro. Ukigusa juu, linakirushia usoni mwako. Ukingo wa bakuli na ncha ya mrija zielekee chini, kitambaa kitoke kwenye ukingo, kisiingie kwenye ukingo.

Paka tripoli kidogo kwa kugusisha kipande sekunde mbili. Gurudumu likianza kuacha michirizi myeusi kwenye kiko, dawa imezidi; likwangue kwa kipande cha msumeno wa chuma huku likizunguka taratibu. Kidole gumba kifunike maandishi ya shingo wakati wote wa tripoli. Eneo hilo lipate nta peke yake. Usikae mahali pamoja. Pitisha kiko kama unayefuta vumbi, na kila baada ya mipito michache kiguse shavuni. Kikiwa cha uvuguvugu, sawa. Kikiwa cha moto, kiweke chini, chukua mrija mwingine.

Kwa karnauba pekee joto kidogo linatakiwa, ili nta itembee. Utaona kwenye mwanga: kwanza uso unakuwa na ukungu wa rangi ya maziwa, kisha ukiendelea kupitisha bila kuongeza nta ukungu unavunjika na mistari ya mbao inatokea chini yake. Ukungu ukibaki, umepaka nyingi mno. Pitisha upande wa gurudumu usio na nta mpaka uishe. Kiache kipoe robo saa kabla ya kukishika kwa vidole vitupu.